Barua pepe bila JavaScript: ukurasa ukiwa mweupe, barua ziko wapi?

Jumatatu moja katibu muhtasi wa ofisi ndogo hapa Tanga alinipigia simu kabla sijamaliza chai. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kisha akasema: "Mwanangu, barua zangu zote zimefutwa. Yule kijana alikuja Ijumaa kubadilisha mfumo, leo nafungua naona karatasi nyeupe na sentensi moja ya Kizungu."

Sentensi yenyewe ilisema kwamba huduma hii ya barua inahitaji JavaScript, tafadhali iwashe. Hadi nafika Ngamiani kwa baiskeli, ofisi ilikuwa imeshapata maelezo manne kutoka kwa majirani. Wa steshenari alisema Java imekwisha muda wake, inunuliwe mpya. Wa pili akasema ni virusi. Wa tatu akalaumu bando. Wa nne, aliyeaminiwa kuliko wote kwa kuwa alizungumza bila kusitasita, akasema ndivyo programu za bure zilivyo, leo zipo kesho hazipo.

Wote walikosea, ila naelewa walikotokea. Neno JavaScript limeingia midomoni mwetu kama lilivyoingia neno "mtandao": kila mtu analitumia, kila mtu ana lake. Basi tulifumue taratibu, tukianza na swali la yule mama, maana ndilo la msingi: barua zangu ziko wapi?

Ziko kwenye seva, yaani ile kompyuta iliyowashwa saa zote inayozipokea na kuzitunza. Hazikai kwenye kompyuta ya ofisini, wala hazikai ndani ya ule ukurasa unaoufungua. Fikiria sanduku la posta. Posta ikibadilisha mlango wa ukumbi, ikaweka wa kioo unaofunguka wenyewe, nawe siku hiyo ukakuta umegoma, sanduku lako halijaguswa. Funguo yako ni ileile na barua zimo. Ulichokosa ni kuingia ukumbini.

Ukumbi huo ndio programu ya barua pepe ya kivinjarini. Ni programu inayokaa kwenye seva, inachukua barua kutoka ghalani, inazipanga kuwa kurasa na kukuletea kwenye kivinjari chako, iwe Firefox, Chrome au kingine. Kati yake na ghala kuna lugha ya kuagizana iitwayo IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986, miaka kadhaa kabla wavuti wenyewe haujazaliwa. Ndiyo maana barua zilezile unaweza kuzisoma kwa programu ya simu au ya kompyuta bila kupita ukumbini kabisa. Jumatatu ile jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kumfungulia mama barua zake kwenye simu yake kwa njia hiyo. Rangi ikamrudi usoni, tukaweza kuzungumza.

Na JavaScript? Ni lugha ya maagizo yanayosafiri pamoja na ukurasa, kisha yanatekelezwa na kivinjari chako, kwenye kifaa chako, kwa nguvu za kifaa chako. Hilo la mwisho lishike, tutalirudia. Brendan Eich aliiandika Mei 1995 akiwa kampuni ya Netscape, toleo la kwanza kwa siku kumi hivi. Haikuanza na jina hilo. Jina liliazimwa kutoka Java, lugha nyingine ya kampuni ya Sun Microsystems iliyokuwa ikisifiwa sana mwaka huohuo, kwa sababu za biashara tu. Kwa hiyo bwana wa steshenari aliposema Java inunuliwe mpya, alikuwa kama mtu aliyeambiwa alete mbuzi ya kukunia nazi akarudi na beberu kwa kamba. Jina moja, mambo mawili.

Bado neno moja: huria, maana mfumo ule mpya wa ofisi ni programu ya aina hiyo. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya mafundi yaliyoiunda, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Mara nyingi hailipiwi, lakini uhuru wenyewe hauko kwenye bei. Uko kwenye ruhusa ya kuinua boneti na kushika injini.

Sahani iliyopakuliwa na nazi isiyokunwa

Kuna namna mbili za kukuletea orodha ya barua zako.

Ya kwanza, seva inapika kila kitu. Inasoma barua, inaandika ukurasa kamili kwa HTML, ambayo ni lugha ya kusema hiki ni kichwa, hii ni aya, hiki ni kiungo, hapa pana fomu ya kujaza. Unaletewa sahani imeshapakuliwa: ubwabwa, samaki, kachumbari pembeni. Kazi ya kivinjari ni kuiweka mezani. Ukitaka kingine, bofya, sahani ile inaondolewa na inaletwa nyingine nzima.

Ya pili, unaletewa mchele, nazi haijakunwa, samaki mbichi na mpishi. Mpishi ndiye JavaScript. Anaingia jikoni kwako, anapika hapohapo, na ukitaka kuongezewa kachumbari haendi tena hadi mgahawani kubadilisha sahani nzima. Anaagiza nyanya mbili tu. Kwa mwenye jiko zuri, ni raha. Barua mpya inachungulia yenyewe juu ya orodha, unaivuta kwa kidole hadi kwenye folda, unaanza kuandika jina la mtu nalo linajimalizia.

Sasa mweke mpishi huyo mlangoni mwa mtu ambaye jiko lake ni kimeko cha mkaa kilichopasuka. Au aliyefunga mlango wa jikoni kwa sababu wapishi waliopita walikuwa wakimwaga maji. Au mpishi akakwama njiani, mchele ukafika peke yake. Mezani hakuna kitu. Huo ndio ukurasa mweupe.

Ofisini kwa mama, mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Mtu fulani, hakumbukwi tena nani, aliwahi kuzima JavaScript kwenye mipangilio ya kivinjari ili matangazo yasimrukie usoni. Miaka imepita na hakuna aliyegundua, kwa kuwa programu ya zamani ya barua ilikuwa ya sahani iliyopakuliwa. Kijana alipoleta mpya Ijumaa, akaijaribu kwenye kompyuta yake mpakato ikafanya kazi vizuri, akafunga begi akaenda zake.

Seva ina tabia ya "waja leo waondoka leo"

Watu wengi, hata wanaosomea kompyuta, huamini kwamba bila JavaScript ukurasa hauwezi kufanya kitu zaidi ya kusomwa. Kama gazeti. Siyo kweli, na ili kuona kwa nini lazima tugusie tabia moja ya wavuti.

Mji wetu umeandikwa sana kwenye kanga na kutaniwa sana kwa maneno "waja leo waondoka leo". Seva ya wavuti imeumbwa hivyohivyo. Unakuja, unaomba ukurasa, unapewa, na papo hapo imekusahau. Ukibofya tena sekunde mbili baadaye wewe ni mgeni mpya. Basi inajuaje kwamba wewe ndiye uliyeandika neno la siri dakika moja iliyopita? Unapoingia, inakupa kijikaratasi chenye namba, kiitwacho kidakuzi, na kivinjari chako kinakionyesha kila kinaporudi. Kidakuzi hakihitaji JavaScript hata kidogo.

Nayo fomu ya HTML ni mnyama mwenye nguvu kuliko anavyoonekana. Sanduku la kuandikia neno la siri ni fomu. Uwanja wa kuandikia barua ni fomu. Visanduku vya kutia tiki kando ya kila barua, na kitufe cha "Futa" chini yake, ni fomu. Kuambatisha faili, kutafuta, kuhamisha barua kutoka folda hadi folda, yote ni fomu inayotumwa seva na seva inajibu kwa ukurasa mpya. Ukurasa unaweza hata kuambiwa ujipakie upya kila dakika tano kuangalia barua mpya, kwa mstari mmoja wa HTML.

Wala sikutungii nadharia. Hotmail ilifunguliwa 4 Julai 1996, JavaScript ikiwa bado kichanga, na watu walituma na kupokea barua. Mwaka 1999 ndugu wawili, Nathan na Luke Ehresman, walianzisha SquirrelMail, programu huria iliyojiwekea sharti hasa kwamba kurasa zake zisitegemee JavaScript ili zifunguke kwenye kivinjari chochote. Waliowahi kukodi nafasi ya tovuti yenye cPanel, ule ukurasa wa kusimamia tovuti, wataikumbuka: ukibofya barua pepe unaletewa picha tatu za programu za barua uchague, Horde, Roundcube na SquirrelMail. Baadaye SquirrelMail ikaondolewa, kisha Horde, ikabaki Roundcube.

Kilichogeuza mambo ni Gmail, 1 Aprili 2004. Iliwaonyesha watu kwamba ukurasa wa wavuti unaweza kuwa mwepesi kama programu iliyosakinishwa, na kwa njia ya JavaScript. Roundcube, ambayo Thomas Brüderli aliianzisha mwaka uliofuata, ilichukua njia hiyo moja kwa moja: safi, ya kupendeza, na bila JavaScript haiendi. Hata Gmail yenyewe iliweka mlango wa pembeni wa HTML tupu kwa wenye intaneti dhaifu, ukadumu karibu miaka ishirini, kisha mwanzoni mwa 2024 ukafungwa. Mlango wa kampuni ukifungwa umefungwa. Wa programu huria mtu anaweza kuufungua tena, mradi apatikane mtu.

Basi si waweke njia zote mbili?

Hapa ndipo lawama nyingi zinapokosa shabaha. Programu huria nyingi za barua zinatunzwa na watu wachache, baadhi yao usiku baada ya kazi. Ukiwaambia waweke kurasa mbili, ya kisasa na ya HTML tupu, umewaambia wajenge nyumba mbili na kuzifagia zote kila siku. Kila kipya kinachoongezwa kiandikwe mara mbili, kijaribiwe mara mbili, kitafsiriwe mara mbili. Horde waliwahi kubeba mzigo huo: programu yao ya barua, IMP, ilikuwa na sura kadhaa, ikiwemo ya mbwembwe zote na nyingine finyu kabisa kwa simu dhaifu. Ni kazi ya kuheshimiwa. Pia ni kazi inayochosha, na ile nyumba ya pili ndiyo huanza kuvuja, kwa kuwa watunzaji wenyewe hawalali humo.

Njia bora ni kutojenga nyumba mbili. Mafundi wa wavuti wamekuwa wakiisema tangu Steven Champeon alipoipa jina mwaka 2003, na kwa Kiswahili ningeiita kujenga kwa tabaka. Sisi wa Tanga tuna mfano wake barabarani: baiskeli iliyofungwa mota. Kwanza ni baiskeli nzima, ina pedali, mnyororo na breki. Mota imefungwa juu yake. Betri ikiisha Chumbageni, unakanyaga hadi Makorora. Utatokwa jasho, lakini utafika. Tofautisha na pikipiki iliyoishiwa mafuta. Hiyo utaisukuma.

Kwenye programu ya barua maana yake ni hii. Kitufe cha "Futa" kiwe kwanza kitufe cha kweli cha fomu kinachojua kwenda seva chenyewe. Kisha JavaScript, ikiwepo, inakidaka kabla hakijaondoka na kufanya kazi ileile bila kubadilisha ukurasa. Isipokuwepo, kitufe kinaendelea na kazi yake ya asili. Msimbo wa kufuta barua upo mmoja, kwenye seva. Hakuna nyumba ya pili.

Ugumu uko kwa programu ambazo tayari zimezaliwa pikipiki. Kuifungia pikipiki pedali si mchezo, na fundi anayekuambia "hilo haliwezekani bila kuandika upya" mara nyingi anasema kweli. Mimi ningependa kila programu huria ya barua iruhusu mambo matano bila JavaScript: kuingia, kuona orodha, kusoma, kuandika na kutuma pamoja na kiambatisho, na kutoka. Kalenda, rangi, kuvutavuta, hayo yasubiri mota.

Nani hasa hana JavaScript?

Jibu la haraka la watengenezaji huwa: hakuna mtu. Mwaka 2013 idara ya huduma za kidijitali ya serikali ya Uingereza iliamua kupima badala ya kukisia. Ikakuta asilimia 1.1 ya waliofungua ukurasa hawakuipata JavaScript. Waliozima au wenye vivinjari visivyoiweza walikuwa asilimia 0.2 tu. Asilimia 0.9 iliyobaki walikuwa na vivinjari vizima, JavaScript imewashwa, na bado haikufanya kazi.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho, maana ndiyo inayopindua mazungumzo yote. Wengi wa "wasio na JavaScript" ni wewe na mimi, siku mbaya. Ukurasa umefika, faili ya maagizo imekatikia njiani. Kinga ya ofisi imeizuia. Simu imeishiwa nafasi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki ilitambaa kama kobe, na siku kama hiyo kipande kidogo cha HTML kina nafasi ya kupenya kuliko mzigo wa maagizo mazito. Kuna na kichekesho ndani yake: ile sentensi ya "tafadhali washa JavaScript" huwekwa ndani ya alama ya HTML iitwayo noscript, na kivinjari huionyesha tu kama JavaScript imezimwa. Ikiwa imewashwa ila faili haikufika, hupati hata sentensi. Weupe mtupu.

Halafu kuna suala la kuhesabu. Vyombo vingi vya kuhesabia wageni wa tovuti vyenyewe vimeandikwa kwa JavaScript. Aliyeikosa hahesabiwi. Mwenye tovuti anaangalia takwimu, anaona wageni wote wanayo, anahitimisha kwamba hakuna wa kumfikiria. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wahenga walivyosema, na hawakuwa wamemwona mtambo wa takwimu.

Wapo pia wanaoizima kwa makusudi. Kivinjari cha Tor, cha wanaoficha nyayo zao mtandaoni, kwa mfano, kikiwekwa kwenye kiwango chake cha juu kabisa cha usalama huizima kwenye tovuti zote. Wapo wapenzi wa vivinjari vya maandishi matupu kama Lynx, kilichozaliwa 1992 na bado kinafunguka. Na wapo watumiaji wa Opera Mini kwenye viswaswadu: ile hupeleka ukurasa kwanza kwa seva za Opera, zikaupika na kuubana huko, ndipo simu ikapokea. JavaScript inapewa nafasi fupi hukohuko mbali, na programu inayotaka mpishi akae jikoni kutwa haielewani nayo.

Kundi moja hutajwa sana kwa makosa. Husemwa kwamba wasioona hawatumii JavaScript kwa kuwa programu zao za kusoma skrini haziiwezi. Uchunguzi wa mwaka 2012 wa WebAIM, taasisi inayoshughulikia wavuti kwa watu wenye ulemavu, ulionyesha asilimia 98.6 ya watumiaji wa programu hizo walikuwa nayo, imewashwa. Wanachokihitaji ni vitufe vilivyo vitufe kweli, vyenye majina yanayosomeka, kuliko picha iliyochorwa ikafanana na kitufe. Inatokea kwamba anayejenga kwa fomu za kweli za HTML anawapa hilo bila kutoka jasho la ziada, lakini ni suala jingine, tusiwatumie kama ngao.

Kuhusu virusi

Jirani wa pili hakuwa mbali sana na ukweli.

Barua pepe ina sifa ambayo kurasa nyingi hazina: mtu usiyemjua anaweza kukuwekea maandishi ndani ya ukurasa wako, bila ruhusa, kwa kukutumia barua tu. Barua za siku hizi zenyewe huandikwa kwa HTML. Mjanja akificha maagizo ya JavaScript ndani ya barua, na programu isiyachuje, kivinjari kitayatekeleza kikidhani yametoka kwa mwenye nyumba. Yataweza kusoma barua zako, kuzituma kwingine, kuandika kwa jina lako. Kwa hiyo kila programu ya barua ina chekeche la kupepetea barua kabla ya kukuonyesha, na historia ya chekeche hizo ni historia ya matundu. Juni 2006 mnyoo, yaani programu hasidi inayojisambaza yenyewe, uitwao Yamanner ulisambaa kwa watumiaji wa Yahoo! Mail, ilitosha kufungua barua. Oktoba 2023 kampuni ya usalama ya ESET ilieleza jinsi kundi la wadukuzi la Winter Vivern lilivyotumia tundu la Roundcube dhidi ya taasisi za serikali Ulaya. Hapo pia, kufungua barua kulitosha. Watunzaji wa Roundcube waliziba haraka, lakini kuziba kwenye msimbo na kuziba kwenye seva ya ofisi yako ni mambo mawili, na la pili linamngoja yule kijana mwenye begi.

Aliyezima JavaScript, shambulio la aina hiyo halimpati. Hapo anayetaka mlango wa HTML tupu ana hoja nzito.

Ila hoja hiyo isivutwe kupita urefu wake. Barua inayojifanya ya benki na kukuomba neno la siri haihitaji JavaScript, inahitaji wewe uamini. Na kuna usalama ambao hauwezi kupatikana kivinjarini bila JavaScript: huduma kama Proton Mail husimba barua kwa siri ndani ya kivinjari chako ili hata seva isiweze kuisoma. Ukiondoa mpishi hapo, funguo itabidi ikabidhiwe mgahawa, na maana yote imekwisha. Vilevile asije mtu akaenda kufukua SquirrelMail kwa kuwa nimeisifu. Toleo lake la mwisho lililotangazwa kuwa imara, 1.4.22, ni la Julai 2011. Kuiweka leo mbele ya intaneti nzima kwa sababu tu haina JavaScript ni kukwepa mvua kwa kujitupa kisimani.

Na kasi? Inategemea unavyokaa. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mzigo wa JavaScript ni megabaiti moja na ukurasa wa HTML tupu ni kilobaiti 20. Anayefungua barua mbili akaondoka ametumia bando dogo sana kwa HTML. Anayeshinda ofisini akibofya kutwa atapita mabofyo hamsini kabla ya saa nne asubuhi, na hapo mpishi wa nyumbani anaanza kuwa nafuu, hasa kwa kuwa kivinjari hutunza mzigo ule kisiupakue upya. Isipokuwa kompyuta za kukodi kwa saa, zinazofutwa kumbukumbu kila mteja akiondoka. Hapo kila mteja analipia mpishi upya.

Jumatatu ile tuliwasha JavaScript kwa anwani ya ofisi peke yake. Kivinjari cha pale kinaruhusu hivyo kwenye mipangilio ya tovuti, na matangazo ya kwingineko yakabaki yamefungiwa nje. Mama aliona barua zake zote, mia tisa na kitu ambazo hajazisoma, akanitazama kama mimi ndiye niliyezificha.

Wiki iliyofuata umeme ulikatika akiwa katikati ya barua ndefu ya kwa bodi. Kwenye mfumo wa zamani ingepotea hadi neno la mwisho, maana fomu tupu haimwambii seva lolote mpaka ubofye "Tuma". Umeme uliporudi aliikuta kwenye rasimu, imepungua aya moja tu: mpishi alikuwa akiihifadhi kimyakimya kila baada ya muda. Akanipigia kunipa habari hiyo kwa furaha ambayo, nikiwa mtetezi wa fomu tupu, niliipokea kwa tabasamu la upande mmoja.

"Mwambie yule kijana aje anywe chai," akasema. "Ila ile sentensi yake ya Kizungu aiandike Kiswahili."

Kijana alikuja. Kwa kuwa programu ni huria, kubadilisha sentensi kulikuwa kazi ya dakika kumi, na tuliitumia nafasi hiyo kuongeza kile ambacho ile ya mwanzo haikukisema. Sasa, JavaScript ikizimwa kwenye kompyuta yoyote ya ofisi ile, ukurasa unasema: "Barua zako ziko salama. Ili kuzisoma hapa, washa JavaScript kwa anwani hii. Ukishindwa, zisome kwenye simu au mpigie fundi." Chini yake pana namba ya kijana. Yangu nilikataa isiwekwe.